Waya Uliochomolewa

Kila Jumatano baada ya mapumziko, Chapuchapu ndiye aliyetangulia kuingia chumba cha kompyuta. Aliondoa vitambaa vilivyofunika mashine, akavikung'uta vumbi, kisha akaziwasha zote kumi. Wenzake wa darasa la saba walimpa jina hilo kwa jinsi vidole vyake vilivyokimbia kwenye kibodi, naye alilivaa kama nishani.

Wiki hiyo shangazi yake, fundi wa kompyuta wa shule, alimpa kazi.

"Mtafutie Redio programu ya kusoma maandishi kwa sauti," alimwambia. "Kwanza uamuru mfumo wa Linux ulete orodha mpya ya programu kutoka intaneti, ndipo utafute. Ikichelewa, subiri."

Redio lilikuwa jina la utani la mwanafunzi mwenzake, msichana asiyeona. Alichokisikia asubuhi, jioni alikirudia neno kwa neno, pamoja na kikohozi cha mwalimu. Mwalimu mkuu alikuwa ameshatoa kauli: programu isipopatikana kufikia Ijumaa, wakati wa vipindi vya kompyuta Redio atakaa maktaba. Maktaba yenyewe haikuwa na hata kitabu kimoja cha kusomwa kwa vidole!

Chapuchapu aliagiza orodha mpya. Mstari kwenye skrini ukasogea kidogo, ukaganda. Nje wenzake walikuwa wakigawana timu za mpira. Akaikatiza kazi ile, akaandika amri ya kutafuta. Kufumba na kufumbua, jibu likaja: hakuna.

"Vipi, imepatikana?" Redio aliuliza, ameegemea mlango.

"Nimetafuta kwenye mashine zote kumi. Hamna kitu, dada."

"Kumi? Mbona nimesikia kibodi moja?"

"Basi masikio yako yana vumbi leo," Chapuchapu akajibu, akakimbilia uwanjani.

Ijumaa mwalimu mkuu alisimama mbele ya darasa katika chumba cha kompyuta. "Redio, chukua begi lako."

Redio akaanza kupapasa chini ya meza. Hakuna aliyemsaidia. Chapuchapu alitazama viatu vyake.

"Samahani, Mwalimu Mkuu, nipe dakika chache," shangazi alisema kutoka nyuma ya chumba. Akachomoa waya wa intaneti kwenye mashine. "Chapuchapu, tafuta tena."

"Lakini shangazi, intaneti haipo."

"Tafuta."

Akaandika. Jibu likaja upesi vilevile: hakuna.

"Nani amekujibu, na waya ninao mimi mkononi?"

Chapuchapu akahisi masikio yanawaka. Siku zote alidhani amri ile inakwenda kuuliza kwenye ghala la programu huko nje. Kumbe ilisoma tu orodha iliyohifadhiwa ndani ya mashine, na tarehe yake ilikuwa ya miaka mitatu nyuma.

"Sikusubiri orodha mpya," alisema. "Na nilitafuta kwenye mashine moja, si kumi. Redio alinisikia, nikamtukana."

"Kwa hiyo masikio yangu ni safi," Redio alisema. Darasa likacheka. Chapuchapu angefurahi kama sakafu ingemmeza.

Waya ukarudishwa. Safari hii alisubiri. Kengele ya chakula ikalia, wenzake wakatoka, yeye hakubanduka, wala Redio. Mwishowe orodha ikafika. Akatafuta, na programu ikajitokeza mstari wa kwanza. Walipoiweka kwenye mashine, sauti nzito ikaanza kusoma. Redio akaweka kiganja juu ya spika.

"Ana mafua huyu," alisema, "lakini tutaelewana."

Mwalimu mkuu, aliyekuwa amerudi kuangalia, akakohoa. "Begi liache hapo."

Alipoondoka, shangazi aliketi karibu na Chapuchapu.

"Nilipokuwa kama wewe, nilikwenda kwa karani kuuliza nafasi yangu ya sekondari. Akatazama karatasi, akasema jina langu halimo. Ilikuwa karatasi ya mwaka uliopita, na ile mpya ilikuwa kabatini, hatua mbili tu. Hakuinuka. Nilikaa nyumbani mwaka mzima. Mpaka leo nakumbuka hata rangi ya shati lake. Mashine haina kosa, mwanangu. Ilikupa ilichokuwa nacho. Wewe ulijua hukumaliza kutafuta, ukasema hakuna. Kabla hujamwambia mtu hakuna, inuka ukaangalie. Na kama hukuangalia, sema hukuangalia."

Chapuchapu akafuta machozi kwa mkono wa shati, akavuta kiti cha mashine ya pili.

"Zimebaki tisa," alisema.

"Anza," Redio akamjibu. "Mimi nahesabu kibodi."