Mstari Uliofutika Polonnaruwa

"Mgongo!"

Kuhan aliruka kama aliyekanyaga kaa la moto. Alikuwa amegeuka kidogo tu kumtazama Imesha. Lakini kidogo hicho kilitosha kumpa mgongo Buddha wa jiwe, na Mzee Heenbanda, baba yake Imesha, alikuwa na macho ya mwewe.

"Samahani, mzee."

"Usiniombe mimi. Muombe yeye."

Kuhan akageuka kumwomba, akabaki mdomo wazi. Buddha alikuwa amelala kwa ubavu, mrefu kuliko basi, amechongwa mzima kutoka mwamba mmoja. Chini ya kichwa chake mto wa jiwe ulikuwa umebonyea. Jiwe, kubonyea! Miaka mia tisa iliyopita mtu fulani alishika patasi akalifundisha jiwe ulaini. Kuhan alijiona mdogo, mdogo kabisa, kama kipisi cha mshumaa.

Simu ikatetemeka. Imesha, aliyesimama hatua tatu tu kutoka kwake, alikuwa ameandika:

"Funga mdomo, nzi wataingia. Thaththa anatoa jibu leo. Usiharibu."

Jibu hilo la baba kuhusu posa ndilo lililomtoa Kuhan kwao Batticaloa kwa basi la alfajiri. Alimtaka Imesha, na Imesha alimtaka. Aliyebaki ni mzee: Msinhala, mwongoza watalii katika magofu haya ya Polonnaruwa kwa miaka ishirini na sita, mtu asiyewahi kushindwa na swali. Kuhan alikuwa Mtamil, mwanafunzi wa maandishi ya kale, mtu aliyeshindwa na maswali kila wiki.

Walipofika kwenye uwanja wa mahekalu waliacha viatu langoni. Jua la adhuhuri lilikuwa limeyapika mawe, wakawa wanatembea kwa kurukaruka. Mzee naye aliruka, ingawa aliruka kwa heshima.

"Unaziona nguzo hizi?" mzee akauliza. "Humu ndimo lilimohifadhiwa Jino takatifu la Buddha. Mji huu waliujenga mababu zangu. Unajua nani waliuvunja?"

"Majeshi ya kutoka ng'ambo, mzee. Watu wangu walikuwemo."

"Umesema mwenyewe. Nikuoze mwanangu, halafu nilale usingizi gani?"

"Thaththa!" Imesha akafoka. "Waingereza je? Wao hawakuvunja kitu? Mbona kila siku unawapiga picha?"

"Wale huondoka jioni. Huyu atabaki."

Kuhan alikuwa amesimama mbele ya bamba la jiwe lililojaa maandishi.

"Mzee, jiwe hili huwa unawaambia nini wageni?"

"Amri ya mfalme kuhusu kodi ya mpunga. Twende."

"Ni Kitamil, mzee."

Mzee akasimama.

"Ni askari wa Kitamil waliomtumikia mfalme hapahapa. Wanaapa."

"Wanaapa nini?"

Kuhan alipiga magoti. Kidole chake kilifuata herufi hewani, bila kugusa jiwe.

"Nyumba ya Jino iko chini ya ulinzi wetu. Vijiji vyake, watumishi wake, na kila atakayekimbilia humu, tutawalinda, hata tukipata hasara..." Picha ya jiwe hili alikuwa ameisoma chuoni mara mia, lakini picha haina joto, wala haikutazami. "Maadamu kizazi chetu kipo."

Kima waliokuwa wakigombana juu ya ukuta walinyamaza, au pengine walikuwa wameshiba tu.

Mzee akainama. "Na mstari huu hapa?"

"Sijui, mzee."

"Hujui?"

"Umefutika. Nikiusoma nitakuwa natunga."

Mzee Heenbanda alimkodolea macho. Yeye, kila jiwe lilipofutika, alijaza: hapa binti mfalme, pale tembo mweupe, kwingine kodi ya mpunga. Kwa miaka ishirini na sita hakuna mgeni aliyesikia neno "sijui" likitoka kinywani mwake.

"Ungetaka kunishinda, ungejaza," akasema taratibu. "Ungetia hata jina langu."

"Nilifikiria, mzee."

Mzee akafuta jasho, au kicheko. "Kizazi chao kimekwisha?"

"Bado. Mimi nipo."

Mzee akageuka. Imesha alikuwa amekaa sakafuni katikati ya nguzo.

"Wewe unafanya nini hapo?"

"Nimekimbilia humu, Thaththa. Nangoja kulindwa. Amueni upesi, naungua!"

Mzee akashusha pumzi ndefu, akatoa simu.

"Dada, yule mnajimu wako yupo? Mwambie atutafutie saa njema ya harusi... Ndiyo, ni Mtamil... Ah, wewe hujui kitu! Babu zake walikuwa walinzi wa Jino!"

Kuhan akashtuka. "Mzee, babu zangu walikuwa wachoma chokaa."

Mzee akaifunika simu kwa kiganja.

"Nyamaza, mwanangu. Hapo pamefutika."