Mgeni wa Bwawa la Uani

Bi Mwanaheri alibisha hodi kwenye maji, na mtu akaitika, "Karibu."

Hakushtuka. Alidhani ni bintiye, Subira, aliyekuwa akikoroga uji jikoni. Akashuka ngazi za saruji taratibu, gauni likimvimba majini, akaanza kuogelea. Subira naye aliisikia ile "karibu" kutoka uani, akadhani mama kapata jirani wa kupiga naye soga. Kila mmoja akamwachia mwenzake, mambo yakaishia hapo.

Hodi ile ilikuwa mazoea ya Maparoni, kijijini kwao. Kule delta, mto unapokutana na bahari, mtu haingii majini hivi hivi. Unasimama ukingoni, unasema, "Hodi wenyewe," unangoja kidogo, kisha unaingia. Hakuna anayetarajia kujibiwa, kimya ndiyo ruhusa yenyewe. Bi Mwanaheri alifanya hivyo tangu usichana wake, na alipozikwa mumewe, Saadi, akahamia kwa Subira mjini Kibiti, mazoea hayo alikuja nayo. Balaa ni kwamba bwawa lile halikuwa na mwenyewe. Lilikuwa jipya, la matofali na saruji, limejazwa maji ya kisima. Ukibisha hodi mahali pasipo na mtu, unamwalika wa kuitika. Lakini nani angewaza mambo hayo asubuhi na mapema, mbele ya bwawa lililojengwa na mkwe?

Mkwe huyo, Abdulrazaq, mume wa Subira, alikuwa fundi ujenzi. Mtaalamu wa mazoezi alikuwa amesema magoti ya bibi yamekwisha, kutembea kunazidi kuyasaga, bora aogelee kila siku asije akaishia kitandani. Bwawa lilikuwa dogo, ukipiga mikono kidogo tu unagota ukuta. Basi Abdulrazaq akasimika nguzo pembeni na kufunga mpira mrefu wa tyubu ya baiskeli. Bi Mwanaheri anajifunga ncha ya pili kiunoni, anaogelea mpaka anachoka bila kwenda popote. Kisha Abdulrazaq akalizungushia bwawa ua wa makuti, kwa sababu mkwe hamtazami mama mkwe akiwa na nguo zilizolowa.

Majirani walicheka. Walisema Subira anafuga samaki uani, tena samaki mzee.

"Chekeni," Bi Mwanaheri aliwajibu. "Miye nitawazika mmoja mmoja."

Na kweli magoti yalipona. Yalipona haraka kuliko alivyosema mtaalamu, mpaka Subira akaanza kujisifu sokoni. Mama alichuchumaa kufua. Mama alipanda darini kutafuta ungo. Subira alifurahi, na furaha ile ilimziba macho.

Siku moja mama alitoka uani akavuka sebule nzima akiacha damu kwenye mkeka. Msumari ulikuwa umezama kwenye unyayo.

"Mama, damu!"

"Ya nani?" aliuliza Bi Mwanaheri.

Subira aliung'oa msumari. Mama alitazama tu, kama anayetazama mtu akichambua mchele. Hakukunja hata uso. Subira alijiambia ni uzee, ingawa moyo wake ulikataa.

Ikafika hitima ya mwaka ya marehemu Saadi. Watu walikuja hata kutoka Dimani, wakasoma, wakalia. Bi Mwanaheri alikaa katikati yao, macho makavu, nywele zikichuruzika maji chini ya mtandio ingawa hakuwa ameoga tangu asubuhi. Nyumba ilinuka tope la mikoko. Alimsogelea bintiye, akamnong'oneza sikioni.

"Subira. Hivi mimi nilikuwa nampenda baba yako?"

Hapo ndipo Subira alipoogopa. Alijua mama huyu alikesha na mgonjwa wake, akampangusa, akamlisha, akagoma kuliachia jeneza mpaka wakambandua. Sasa alikuwa anauliza kama mtu anayeuliza kama alifunga mlango. Subira aliona anafiwa mara ya pili, na safari hii maiti anakula, anaogelea, anamsalimia kila asubuhi.

Kesho yake alasiri alikwenda kuchungulia kwenye ua wa makuti. Alichovya kidole kwenye mfereji unaotoka bwawani, akakionja, na maji yale ya kisima cha Kibiti yalikuwa ya chumvi; akainua macho akamwona mama yake anaogelea, mikono inapiga, miguu inapiga, mahali pale pale kama kawaida, na ilimchukua muda kuona kwamba ule mpira haukuwa kiunoni, ulikuwa umelala umejikunja juu ya ukuta, mkavu, na hata hivyo mama hakusogea mbele hata shubiri moja, kwa sababu kitu kingine kilikuwa kimemshika, naye alikuwa akizungumza nacho kwa upole huku akipumzika kuvuta pumzi.

"Mama," Subira aliita kwa sauti ya chini. "Unaongea na nani?"

"Na mwenyewe."

"Mwenyewe nani?"

"Aliyenikaribisha."

Fundi Tamimu, mganga wa pepo, aliletwa na pikipiki kutoka Nyamwage. Alikuwa mtu wa makamo, mwenye kikohozi, anayejulikana kwa kuwatoa watu mikononi mwa majini bila makelele. Alinusa uani, hakusogea karibu.

"Alibisha hodi akaitikiwa?"

"Ndiyo. Hata mimi nilisikia."

"Basi mama yako ni mgeni pale. Na mgeni haondoki bila kuaga. Aingie, aombe ruhusa kwa mdomo wake, atoke. Maumivu yote yatamrudia, ya magoti na ya msiba. Mwingine asiingie. Umenisikia? Asiingie mtu."

Bi Mwanaheri alisikiliza kwa adabu. "Mbona miye sina shida? Sisikii kitu."

"Ndiyo shida yenyewe, mama," Subira alisema, akalia.

"Haya, usilie. Kama wataka, nitaaga."

Aliaga asubuhi, jua likiwa limechomoza vizuri. Tamimu alifukiza ubani na kusoma. Abdulrazaq alisimama nje ya ua, amegeuza mgongo. Bi Mwanaheri aliingia mpaka kifuani.

"Mwenyewe, naomba ruhusa niende zangu."

Maji yalitulia. Harufu ya tope ikapanda mpaka ubani ukapotea. Alirudia, na kabla hajamaliza uso wake ulikunjamana, mdomo ukafunguka, akapiga ukelele wa mtu anayevunjwa, "Saadi! Saadi wangu!" na magoti yakamkatika, maji yakamfunika kichwa, na Tamimu akapaza sauti kwa mara ya kwanza, "Usiingie!" lakini Subira alikuwa ameshaingia na nguo zake, anapapasa, anavuta kwapa la mama, anamsukuma juu ya ngazi, anapanda nyuma yake, wote wawili wakaanguka kwenye mchanga wakikohoa.

"Naumwa," Bi Mwanaheri alilia. "Alhamdulillahi, naumwa. Ewe Saadi!"

"Amepona?" Abdulrazaq aliuliza kutoka nje.

 Tamimu alikuwa anamtazama Subira.

"Wewe ulibisha hodi?"

"Sikubisha."

"Na mimi siwezi kukuagisha." Tamimu alikaa chini. "Mgeni ndiye anayeaga. Anayeingia bila hodi ni mtu wa nyumba ile."

Subira alielewa alichoambiwa. Alijua ni jambo kubwa, la kuogopwa, akangoja woga umjie. Mama yake aliacha kulia. Alijikokota kwa magoti yale yale, akaukamata mkono wa bintiye, akazamisha kucha kwa nguvu zake zote.

"Mwanangu, sema inauma. Subira, niambie inauma!"

Subira aliutazama mkono. Ngozi ilikuwa imechanika, damu inatoka kidogo. Mama yake alikuwa analia sana, na ilionekana angependa kujibiwa.

"Inauma, mama," alisema.