Wimbo wa Kupona

Milima ndiyo haikutani. Msusi alikuwa amebanwa na umati kwenye duka la vifaa vya umeme, gauni lake la kijani limeshaingia makunyanzi, akisubiri mashine ya kukaushia nywele, mara akasikia nyuma yake marashi aliyoyajua. Akageuka. Alikuwa Nyuzi, yule mpiga gitaa aliyeachana naye mwaka jana, kwa sababu siku baba yake msusi alipopasuliwa, msusi alimpigia Nyuzi simu kutwa nzima bila kupokelewa.

Wakasalimiana kama wageni. Nyuzi, akizungusha waya mkononi, akaeleza kwamba ametunga wimbo wa roki wa ajabu ajabu, wa kusahau mapenzi, na ndani yake mna sauti ya msusi. Hawezi kuutoa bila ruhusa yake. Akamwomba aje studio ausikilize. Moyo ulimkataza msusi kwenda, miguu ikaenda.

Studio ilikuwa chumba cha nyuma, kuta zimekingwa kwa magodoro. Nyuzi akamvisha hedifoni. Ngoma zilikwenda kinyumenyume, gitaa likakwaruzwa kwa uma, na Nyuzi akaimba "nimepona, nimepona" mpaka sauti ikamkauka. Ghafla kelele zote zikakatika. Msusi akajisikia mwenyewe, katika ujumbe wa sauti aliomwachia siku ile akiwa hospitali: uko wapi, baba wanamwingiza sasa, pokea simu.

Akavua hedifoni.

"Uliusikia lini?"

"Jioni ile ile. Nilizima simu ili nirekodi. Nikaona aibu kuja, na kila kulipokucha aibu ikazidi."

"Na umepona?"

"Sijui, mpenzi. Nilidhani nikiimba sana itakuwa kweli."

Neno lile, mpenzi, lilimchoma na kumpoza kwa pamoja. Akamwambia aiondoe sauti yake kwenye wimbo. Nyuzi akasema bila sauti hiyo hakuna wimbo. Basi usiwepo, akajibu, akijiandaa kwa ubishi, maana kwa Nyuzi muziki ulitangulia kila kitu. Nyuzi hakubisha. Aliufuta wimbo mzima, kazi ya miezi, mbele ya macho yake.

Msusi akangoja kufurahi. Furaha haikuja, wala hasira. Akachukua mkoba, akafika mlangoni, akakwama.

"Baba huwa anakuulizia," akasema. "Jumapili yupo nyumbani."

"Nije kama nani?"

Msusi akafungua mlango.

"Hata mimi sijui. We njoo kwanza."