Utando Uliooshwa Nusu

Mchana ule duka la vifaa vya umeme lilifurika hadi mlangoni. Mkemia, bado na koti lake jeupe la maabara na viatu vyekundu, alinyoosha mkono kuchukua mita ya mwisho ya kupimia umeme. Mkono mwingine ukamuwahi.

"Dada, hiyo ina mwenyewe," alisema fundi mmoja mrefu, shati lake la bluu limenyooka kwa pasi.

"Niachie, kaka. Mimi nina kazi ya maana."

"Kazi gani hiyo? Hebu tuisikie."

Akamweleza palepale, watu wakiwasukuma. Anapika plastiki laini pamoja na chembe za asidi amino, zile ambazo hospitali huzipima kwenye damu ya wagonjwa, kisha anaiosha mpaka chembe zitoke na kuacha vishimo vya umbo lao. Ukiutumbukiza utando huo wa plastiki kwenye maji yenye asidi ileile, chembe zinarudi vishimoni, na umeme unaopita humo unabadilika kidogo.

"Hicho kidogo kwa mita hii hukioni," fundi alisema. "Nitakutengenezea nyingine."

Akatengeneza kweli, na miezi minne baadaye simu zao zilikuwa hazipoi.

"Laazizi, umekula?"

"Nile vipi na wewe hupo?"

"Haya njoo, acha kudeka!"

Siku tatu kabla ya jopo la hospitali kuja kuikagua kazi, mita ilionyesha asidi amino ndani ya maji matupu. Mkemia alipandwa na hasira. "Mita mbovu hii," alifoka mbele ya mkuu wa maabara na wenzake wote. "Ndiyo kazi za vichochoroni!"

Fundi alikuwa mlangoni, amemletea betri mpya. Aliiweka mezani, akaondoka bila kuaga. Mkemia alimpigia simu jioni nzima, haikupokelewa.

Kesho yake akayapima maji aliyooshea utando. Asidi ilikuwa bado inatoka! Kuosha kulitaka siku nzima, naye alikatisha saa sita kwa sababu fundi alimwalika chakula cha mchana. Masikio yalimwaka kwa aibu. Safari hii aliazima simu ya mlinzi.

"Usikate. Mita yako ni nzima. Mimi ndiye niliyeosha nusu."

"Kwa nini ulikatisha?"

"Nilikuwa nakuwahi wewe, mpenzi."

Kicheko kikamponyoka fundi. "Kumbe nimejiponza kwa kukualika!" Sauti ikabadilika. "Lakini ulinidhalilisha mbele za watu."

"Na mbele za watu nitakusafisha. Njoo siku ya jopo."

Alikuja, na shati jipya. Utando, safari hii umeoshwa siku nzima, ulitumbukizwa kwenye maji matupu: sifuri. Likaongezwa tone la asidi, mkemia akazisoma namba kwa sauti tulivu zikipanda mpaka zikatulia. Jopo likapiga makofi.

Mkemia akamshika fundi mkono. "Mita hii ameitengeneza huyu. Nilimsingizia hapahapa, na kosa lilikuwa langu. Namwomba radhi mbele yenu. Kwenye ripoti jina lake litakaa sambamba na langu, na najivunia kuliweka."

Fundi, ambaye shule aliiachia njiani, alisimama kifua mbele machoni pa madaktari wote wale.

"Wakubwa zangu, msitoke kwanza," alisema. "Huyu nataka kumuoa."

"Nimekubali," mkemia alijibu, kwa sauti ileile aliyosomea namba.