Mchoma Maganda wa Ipinda

“Mwambie baba yako mimi ni mfanyabiashara wa kakao,” Aliko alininong'oneza mlangoni kwangu, Mbugani. “Habari za majivu ziache, Resti.”

Nilimkazia macho. Huyu ndiye mwanaume niliyempenda akiwa na majivu mpaka kwenye kope, nyuma ya nyumba yao kule Ipinda, akichoma maganda ya kakao, kisha akiyachuja majivu kwa maji apate magadi ya kupikia sabuni. Leo anaona haya?

Ndani alikuwa baba yangu, Mwalimu Gelasius, aliyefundisha kemia Bukoba hadi kustaafu. Siku moja kabla hajafika alinitumia ujumbe: “Nasikia mchumba wako ni mchoma takataka. Kama ni kweli, sibariki ndoa hiyo.”

Baada ya salamu, baba alimuuliza Aliko kazi yake. Aliko akaficha mikono chini ya meza. Ilikuwa imepasuka kwa magadi.

“Anachoma maganda ya kakao,” nikajibu mimi.

Baba akachukua kofia yake.

“Kabla hujaondoka, baba. Ulitufundisha neno alkali. Limetoka wapi?”

Akasita. Baba yangu hawezi kuipita asili ya neno hata akiwa na hasira.

“Kiarabu,” akasema mwishowe. “Al-qali. Majivu ya mimea iliyochomwa.”

“Basi waliochoma mimea ndio walioipa kemia neno hilo. Ulilitamka kwa fahari, nami nikakuiga. Aliko ni mtu wao, baba. Najivunia kuwa wake. Kinachoniuma ni yeye kujificha.”

Aliko akaitoa mikono taratibu, akaiweka mezani.

“Mzee, nilitaka unikubali, nikaogopa. Kazi yangu ndiyo hii.”

Baba akaigeuza ile mikono, akaitazama kwa muda. Kofia akaitundika tena.

“Kesho nipeleke nikaone,” akamwambia.

“Ndaga fijo, mzee,” Aliko akamshukuru kwa Kinyakyusa.

Siku ya harusi baba alishika kipaza sauti, kifua mbele.

“Mkwe wangu anachoma maganda ya kakao. Anayetaka kucheka acheke sasa, kisha akae nimfundishe neno alkali limetoka wapi.”

Hakuna aliyecheka. Nikamtazama mume wangu pembeni yangu. Mikono yake yote miwili ilikuwa juu ya meza.