Ndizi Nyekundu za Ukuta wa Bombani

Miaka ile ya mwanzo baada ya Mapinduzi, sisi watoto wa Ng'ambo tulikuwa tukiamkia bombani. Akina mama wakipanga ndoo na kuzungumza, nasi tukingoja zamu kabla ya kwenda skuli. Nyuma ya bomba palikuwa na ukuta mrefu. Siku hizi haupo tena, umevunjwa kupisha majumba, lakini mimi nikipita hapo bado nauona.

Mwalimu wetu wa sayansi, Bi Kazija, aliomba ruhusa tuchore juu yake vyakula vya kujenga na kulinda mwili, ili kila anayeteka maji ajifunze. Ukapigwa chokaa. Rangi tulizitengeneza wenyewe kwa masizi, kwa nili ya kufulia, na kwa udongo mwekundu alioponda mwenzetu Khelef. Mwenzangu Mize alipewa mkungu wa ndizi mbivu. Akaleta manjano ya mchuzi kutoka jikoni kwao.

"Chokaa bado mbichi," Bi Kazija alimwambia. "Jaribu kwanza pembeni, uone."

Kesho yake jioni akamuuliza, "Umejaribu?"

"Nshajaribu, mwalimu."

Magharibi ilikuwa inaingia. Mize akapaka mkungu mzima mbiombio, tukakimbilia chuoni kusoma Kurani.

Asubuhi, tulipokuja na Bi Kazija kuendelea kuchora, tulikuta ndizi zimekuwa nyekundu.

"Ndizi gani hizi, Mize? Ndizi mzungu, zile za ganda jekundu?" akauliza Bi Mwanakheir, aliyekaa jirani na bomba, na akina mama wakacheka.

Mmanga, mwanafunzi mwenzetu, hakucheka. "Khelef huyo. Nani mwengine ana rangi nyekundu? Alitaka kuchora mkungu yeye, akanyimwa."

Khelef akatazama mikono yake, imejaa udongo. "Si mimi, mwalimu."

"Basi weka brashi chini," alisema Bi Kazija, "mpaka tujue."

Khelef alikuwa hapendi kitu kingine kama alivyopenda kuchora. Aliiweka brashi polepole. Mize akasogea mbele.

"Mwalimu, Khelef hakugusa. Nlisema nshajaribu, na sikujaribu."

Bi Kazija hakumgombeza. Aliomba ndimu kwa Bi Mwanakheir, akaikata, akasugua ndizi moja. Ikarudi manjano. Akina mama wakatua ndoo, wakasogea.

"Chokaa hugeuza manjano kuwa mekundu, na ndimu huyarejesha," alieleza. "Lakini ukuta huu ni mbichi, yatageuka tena."

Tukakwangua mkungu, tukaenda shamba kutafuta udongo wa manjano. Mize alimwomba radhi Khelef, wakazichora upya pamoja, na mara hii walijaribu kwanza pembeni. Hazikugeuka.

Siku tuliyomaliza, Bi Kazija alisimama mbele ya ukuta.

"Kukosea rangi si aibu, Mize. Mtaa mzima umepata somo kwa kosa lako, kwa kuwa ulisema kweli. Ungenyamaza, sote tungeondoka hapa na jambo moja tu, nalo ni uongo: kwamba Khelef ni hasidi."