Sura ya Saba Mkononi mwa Lazhari

Kila asubuhi, kabla king'ora cha mgodi wa fosfeti hakijalia, Mabruka alipangusa vumbi jeupe viatuni, akafunga mkate wake wenye pilipili na mafuta ya zeituni, kisha akahakikisha kurasa zake za riwaya zimo mkobani. Darasa lao la sita, katika mji wa Wadi Rihani kusini mwa Tunisia, lilikuwa na wanafunzi ishirini na riwaya moja kuukuu. Mwalimu Wasila aliukata uzi ulioishona, akampa kila mwanafunzi sura moja aitunze. Ukitaka kusoma sura nyingine, ulikwenda kwa mwenyewe ukamwomba.

Mabruka alikuwa na sura ya nane. Ya saba ilikuwa kwa Lazhari, na hakuna aliyemwomba.

Kisa chake ni mgomo. Wachimbaji walipokaa nje ya mgodi wiki tano, watoto wao wakilala na uji mtupu wa shayiri, baba yake Lazhari alirudi kazini peke yake. Mgomo ukavunjika. Ndipo Dalila, shoga wa Mabruka tangu utotoni, akatangaza uwanjani, "Atakayemsemesha Lazhari, naye tunamsusia!"

Wakampa jina la Hewa. Walimwaga wino kwenye kiti chake. Siku moja alijikwaa mlangoni akapasuka mdomo, wakamruka mmoja mmoja kama gunia. Mabruka naye aliruka.

Jumatatu, Mwalimu alisema, "Alhamisi kila mmoja atanieleza nani shujaa katika riwaya yetu."

Riwaya ilihusu mji uliozingirwa na maadui. Wengi walimchagua jemadari Zahrani aliyepigana juu ya ukuta. Mabruka alibaki akimfikiria Masudi, mbeba maji, ambaye katika sura ya nane askari wa mji wake mwenyewe wanamtemea mate wakimwita mwoga. Lakini humo humo palikuwa na mtoto mgeni aliyemshikilia Masudi kanzu.

"Huyu mtoto katokea wapi?" aliuliza.

"Kamuulize Hewa," Dalila akacheka. "Shoga yangu, andika mwoga, basi. Unajisumbua nini?"

Usiku ule Mabruka aliandika "mwoga". Asubuhi akalifuta.

Wakati wa mapumziko, Lazhari alikuwa ameketi karibu na bomba bovu. Mabruka alivuka uwanja.

"Lazhari."

Mvulana alitazama nyuma yake, kana kwamba kuna mwingine mwenye jina hilo.

"Naomba sura ya saba."

Aliitoa polepole. Kurasa za wenzake zilijaa madoa ya mafuta na vidole. Zake zilikuwa safi kabisa, zimefungwa kwa karatasi ya nailoni.

"Unajua watakufanya nini?" aliuliza kwa sauti iliyokauka.

"Najua."

"Haya jamani!" Dalila akapaza sauti. "Tumepata Hewa wa pili!"

Mkate wa Mabruka ulinyakuliwa, ukakanyagwa vumbini. Alipoingia darasani, Dalila alikuwa amehamisha vitabu vyake dawati jingine. Mabruka aliinamisha kichwa asionekane akilia, akasoma.

Alhamisi, aliposimama, wengine waliziba masikio kwa mzaha. Alisoma sura ya saba hivyo hivyo. Askari walikuwa wamemkamata mtoto wa adui, wakapanga mstari, kila mmoja arushe jiwe lake. Zamu ya Masudi ilipofika, alilidondosha jiwe, akampa mtoto maji.

Vidole vilitoka masikioni kimoja kimoja.

"Nani mwingine amesoma sura hii?" Mwalimu aliuliza.

Mkono wa Lazhari peke yake uliinuka. Mwalimu alitazama kurasa safi, akatazama dawati la Mabruka lenye nafasi tupu. Uso ukambadilika.

"Lazhari, hawajakusemesha tangu lini?"

"Leo siku ya ishirini na mbili, Mwalimu."

"Nami nilikuwa hapa mbele nikifundisha ushujaa, sioni. Nisamehe, mwanangu." Akaligeukia darasa. "Njaa ya nyumbani kwenu ilikuwa ya kweli, na ugomvi wa baba zenu si wangu kuukata. Lakini mtoto huyu hakuvunja mgomo. Mlimpangia mstari, mkarusha mawe."

Mapumziko yalipofika, mmoja alikwenda kwa Lazhari, kisha wawili, wakaomba sura. Dalila alikuja mwisho, akanyoosha mkono bila kumtazama.

"Lete."

"Omba kwa jina," alisema Lazhari.

Dalila alitafuna mdomo. Macho yakamjaa machozi. "Naomba sura ya saba... Lazhari."

Jumamosi Mwalimu alikusanya sura zote ili azishone upya. Kwenye ukurasa wa kwanza wa ya saba palikuwa na doa jekundu la pilipili. Mabruka alidhani watagombezwa.

"Liacheni," alisema Mwalimu Wasila. "Jemadari alikuwa shujaa mbele ya adui, na watu wake wakamshangilia. Masudi alikuwa shujaa mbele ya watu wake, wakamtemea mate. Wanangu, ushujaa wa pili ndio mtakaouhitaji mara nyingi, na hauna wa kuushangilia."

Kisha akatia uzi kwenye sindano, akashona.